Umenunua sheli, na yaliyoko chini je?

Jamaa mmoja kaja ofisini kwangu hapa Mwanjelwa na hati mkononi. Kanunua sheli ya zamani pembeni ya barabara ya Zambia, kapaka rangi, kafunga pampu mpya, miezi mitano baadaye jirani wa bondeni anachota maji kisimani yananuka petroli. "Wakili, mimi nimeyakuta."

Hilo neno nalisikia sana, kuanzia gereji za Mafinga zilizomwaga oili chafu miaka nenda rudi mpaka Chunya, mtu ananunua mtambo wa kuchenjulia dhahabu pamoja na rundo la marudio, ule mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, lenye zebaki na sianidi ndani.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema anayechafua ndo analipa, sawa. Ila NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakija na amri ya kurejesha mazingira wanaanza na nani? Na wewe uliyepo, maana tenki ni lako, linavuja mpaka leo, na ukijua ukakaa kimya uchafu unazidi kuwa wako. Ukigoma, kazi inaweza kufanywa bila wewe halafu unadaiwa gharama. Wamarekani ndo wamekaza kabisa, sheria yao ya 1980 ile ya Superfund inamdai hata mwenye eneo ambaye hajamwaga tone, labda aonyeshe alichunguza vya kutosha kabla ya kununua (ingawa petroli yenyewe wameitoa humo, wana utaratibu wake).

Nikamuuliza, ulinunua kiwanja au ulinunua kampuni? Wengi hawaoni tofauti. Ukinunua hisa, kampuni ni ileile na madeni yake yale yale, kilichobadilika ni wenye hisa tu. Ukinunua kiwanja na matenki una pa kupumulia kidogo, unaweza kumrudia muuzaji kama mkataba unakubeba. Wake ulikuwa kurasa mbili na umeandikwa mnunuzi ameridhika na mali kama ilivyo. Nilicheka, si vizuri lakini nilicheka.

Mimi mteja wangu hatoi hela kabla udongo wa karibu na tenki na maji ya visima vya jirani havijaenda maabara. Naangalia benzini kwanza, kemikali iliyomo ndani ya petroli, WHO mwisho wao ni mikrogramu 10 kwa lita, kitu chenyewe kinaleta saratani ya damu. Hiyo karatasi yenye tarehe ndo picha ya siku uliyoingia, bila hiyo nani atajua petroli ipi ya mwenzako na ipi yako? Cheti cha tathmini ya mazingira nacho mkihamishe rasmi, mwandikie NEMC wote wawili, na ujue kinakuja na wajibu wake. Halafu sehemu ya bei ibaki kwa wakili mpaka majibu yatoke, hapo ndo wauzaji wananuna, na akinuna sana mi nachimba zaidi.

Yule jamaa kwa sasa anamnunulia jirani maji ya boza kila wiki. Muuzaji hapokei simu.