Acha Mtaimbo Chini Kwanza

Swali limerudi tena wiki hii, kwa maneno yaleyale: "Sakafu yangu imetajwa kwenye wito wa kurudisha bidhaa (recall), nimeshaing'oa na kuitupa, nilipwe wapi?" Jibu ambalo hakuna anayependa kulisikia ni kwamba huenda hulipwi popote, kwa sababu umetupa ushahidi. Tena kuna uwezekano kwamba siku ile ya kung'oa ndiyo uliyovuta gesi nyingi kuliko siku zote ulizokaa juu ya sakafu hiyo.

Nazungumzia Marekani, na hasa laminati, yaani sakafu ya mbao za kiwandani zenye tabaka gumu juu. Kiini cha ubao wa laminati kwa kawaida ni HDF au MDF, yaani unga wa nyuzi za mbao ulioshindiliwa kwa gundi, mara nyingi ya yurea-fomaldehidi. Gundi hiyo huachia taratibu fomaldehidi, gesi yenye madhara kwa afya. Juu kuna tabaka gumu la melamini linalozuia sehemu kubwa ya gesi isipande chumbani. Inayopenya hupitia kwenye kingo, viungio na mgongo wa ubao. Sasa chukua mtaimbo, vunja viungio vyote, pasua mbao, kata nyingine kwa msumeno: umefungua kingo mpya na umerusha vumbi la kiini hewani. Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 mamlaka za afya za Marekani ziliwaonya watu wapime kwanza faida na hasara za kuiondoa sakafu, maana kuiondoa kwenyewe kunaweza kuongeza fomaldehidi ndani ya nyumba.

Imani nyingine potofu ni kwamba wito wa kurudisha maana yake ni kurudishiwa pesa. Si lazima. Sheria ya usalama wa bidhaa ya mwaka 1972 inaipa Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC, njia tatu: kutengeneza, kubadilisha au kurudisha bei. Na bei ikirudishwa kwa amri chini ya sheria hiyo, kampuni inaruhusiwa kukata kiasi cha matumizi kama umekaa na bidhaa mwaka mmoja au zaidi. Ila wito mwingi hauji kwa amri. Unatokana na makubaliano kati ya kampuni na tume, na unachopata ni kile kilichoandikwa kwenye tangazo. Lisome mpaka mwisho. Kwenye sakafu, tafuta kama limetaja ufundi. Mara nyingi gharama kubwa ni fundi, skatingi (mbao za chini ya ukuta), kuhamisha makabati na kukata chini ya milango, na bei ya mbao haigusi hata kimoja cha hivyo.

Mfano unaojulikana zaidi ni laminati za China zilizouzwa na Lumber Liquidators kati ya Februari 2012 na Mei 2015. Juni 2016 CPSC ilitangaza wito uliowagusa wateja wapatao 614,000. Ulikuwa wito wa nini? Wa kupima. Mteja alipewa kifaa cha kupima hewa bila malipo, na nyumba zenye kiwango cha juu ndizo zilizoendelea na uchunguzi wa sakafu yenyewe. Pesa zilikuja kwa njia nyingine kabisa, kesi ya pamoja iliyomalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 36: milioni 22 taslimu na milioni 14 za vocha. Aliyesubiri wito wa CPSC umlipe, akaacha tarehe ya mwisho ya madai ya kesi impite, alikosa vyote.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichosha kuliko yote: "Maabara imesema ubao umezidi kiwango, kwa hiyo hewa yangu ina sumu." Hivi ni vipimo viwili tofauti! Kiwango cha California, ambacho baadaye kilichukuliwa na serikali kuu, kinakihusu kiini: sehemu 0.11 kwa milioni kwa MDF ya kawaida, na 0.13 kwa MDF nyembamba isiyozidi milimita 8. Ili kukipima kwenye bidhaa iliyokamilika, maabara hukwangua tabaka la juu mpaka kiini kibaki wazi, kisha hukiweka kwenye chemba, yaani kisanduku kilichofungwa cha kupimia gesi. Kipimo hicho kinajibu swali moja: je, mtengenezaji alitumia kiini halali? Hakikuambii unavuta nini sebuleni ukiwa na tabaka la melamini juu. Watetezi wa viwanda walililia sana hilo, na kwa nusu walikuwa na haki. Nusu nyingine ni kisingizio, kwa kuwa sheria ya kiini iliwekwa makusudi ili usalama usitegemee tabaka ambalo litachubuka. Nami nina shaka na ukwanguaji wenyewe: hauwezi kufanana kila mara, na mabaki ya gundi ya tabaka la juu yanaweza kuingia kwenye hesabu. Namba iliyozidi kidogo tu siipi uzito mkubwa. Iliyozidi mara kadhaa, hiyo haina mjadala.

Kipimo cha hewa nacho kina matatizo yake, kwani hakijui gesi imetoka wapi. Kabati jipya la mbao za gundi, sigara, jiko la gesi, vyote vinaingia humo. Ning'iniza kifaa usawa wa pua ya mtu aliyekaa, katikati ya chumba, kwa muda ule ule ulioandikwa kwenye maelekezo. Andika joto na unyevu, kwa sababu vyote viwili vikipanda, gesi nayo hupanda. Kipimo cha siku ya baridi kitakudanganya kwa kukufurahisha. Weka kifaa cha pili kwenye chumba kisicho na laminati. Vikilingana, tatizo huenda si sakafu. Vile vimita vya bei rahisi vyenye skrini usivitegemee, vingi vinapiga kelele ukipaka manukato. Na angalia vizio: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ni miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa dakika 30, ambayo ni takriban sehemu 0.08 kwa milioni, si 0.1.

Hata wakubwa huteleza. Ripoti ya serikali ya Februari 2016 kuhusu laminati hizo za Lumber Liquidators ilikadiria visa 2 hadi 9 vya ziada vya saratani kwa kila watu 100,000. Ikabidi irekebishwe kuwa 6 hadi 30, kwa sababu urefu wa dari haukubadilishwa vizuri kutoka futi kwenda mita. Ushauri haukubadilika sana, lakini ukiona mtu anatumia namba za kwanza, ujue hakusoma marekebisho.

Mazulia ni rahisi zaidi. Wito wake mwingi ni wa kushika moto: katika kipimo chake, kidonge kidogo cha methenamini, kinachowaka kama moto mdogo, huwashwa juu ya vipande 8, na angalau 7 lazima vizime kabla mchomo haujakaribia ukingo. Hapo kampuni huweza kukuomba ulikate zulia na kutuma picha ndipo urudishiwe pesa. Usilikate kabla hujaombwa.

Kwa laminati, toa ubao mmoja wa akiba, au ule wa ndani ya kabati, upige picha mgongoni palipochapwa namba ya bechi, kisha uufunge kwenye plastiki. Tunza lebo ya boksi, risiti na mkataba wa fundi. Mbao zilizobaki stoo usiziuze. Tangu 2008 kuuza bidhaa iliyotolewa wito wa kurudishwa ni kosa. Kama sakafu yako haimo kwenye wito wowote, peleka taarifa SaferProducts.gov, tovuti ya CPSC, pamoja na hizo picha. CPSC huituma kwa mtengenezaji, na kwa kawaida huichapisha siku 10 za kazi baada ya hapo. Mtengenezaji ana haki ya kuweka maoni yake chini yake, basi andika namba ya bechi sawasawa.