CRP ni nini, na inahusiana vipi na mishipa ya moyo

Ami yangu, nahodha mstaafu wa Langoni hapa Lamu, alinijia na karatasi ya maabara ameikunja mara nne. Mstari mmoja ulikuwa umetiwa duara jekundu: CRP 14. Akauliza, "Mwanangu, ndiyo kusema moyo umeharibika?"

CRP (kwa Kiingereza C-reactive protein) ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Mwili unapopambana na vijidudu au jeraha, chembe za kinga hutoa ishara, mojawapo ikiwa interlukini-6. Ini likiipata huimwaga CRP kwenye damu kwa saa chache tu. Mapambano hayo ndiyo mchochota. Mguu uliochomwa na mwiba wa samaki taa huvimba, ukawa mwekundu na wa moto kwa sababu hiyo hiyo. Ndani ya mshipa wa damu mapambano hayo hayaonekani, na hapo ndipo shida ilipo.

Kolesteroli mbaya, LDL, hupenya kwenye ukuta wa ateri za moyo ikakwama. Chembe nyeupe za damu huifuata kuila, zikashiba kupita kiasi, zikafia humo humo. Kinachobaki ni uji wa mafuta uliofunikwa na utando. Mchochota ukiendelea, utando huo hulika ukawa mwembamba, na siku ukipasuka damu huganda juu yake na kuziba njia. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Kupima hatari hii hutumika kipimo makini zaidi, hs-CRP. Chini ya miligramu 1 kwa lita, hatari ni ndogo. 1 hadi 3 ni ya wastani. Zaidi ya 3 ni kubwa. Ikipita 10, mara nyingi kuna maambukizi au ugonjwa mwingine mwilini, kwa hiyo hungojwa wiki mbili au zaidi ndipo kipimo kirudiwe. Ami alikuwa na jino lenye usaha. Lilipong'olewa na kupona, CRP ilishuka hadi 2.4.

Nilimweleza kwa lugha anayoijua. CRP ni maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ndani ya jahazi. Ukifunua ubao ukayaona yamepanda, wajua kuna jambo, ila hujui kama ni mvua, ni wimbi la ubavuni au ni mshono wa mbao uliofunguka. Na kufua maji hakuzibi mshono. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha hivyo hivyo: waliorithi CRP ya juu hawaugui moyo zaidi kwa sababu ya CRP yenyewe.

Mchochota wenyewe ni habari nyingine. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa dawa ya kanakinumabu kwa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Dawa hiyo huzuia interlukini-1 beta, ishara nyingine ya mchochota, na haigusi LDL, lakini mishtuko ilipungua. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba mchochota wenyewe huchangia mshtuko. Bei yake nayo ilikuwa nzito: vifo vya maambukizi viliongezeka. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, kwa kipimo cha miligramu 0.5 kwa siku, kwa wenye ugonjwa wa ateri. Dawa za statini nazo hushusha LDL na CRP kwa pamoja.

Jambo moja nalisisitiza: kifua kikibana ghafla, usikimbilie CRP. Nenda hospitali upesi, ukapimwe umeme wa moyo na troponini, protini inayovuja pale msuli wa moyo unapoumia.

Ami alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi na tuutafute mshono." Tukapima LDL, sukari na presha. Mbili za kwanza zilikuwa sawa. Presha ilikuwa juu, ilisoma 165 kwa 95, na siku ya pili ikasoma vivyo hivyo.