PRP na vidonda vya tumbo: ninachomjibu mgonjwa anayeniuliza

Mama mmoja, mgonjwa wangu, alitandaza karatasi mezani hata kabla hajakaa. Yalikuwa makadirio ya gharama kutoka kliniki moja: sindano tatu za PRP kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Alikuwa ameshaanza kuchangisha kwa wanawe.

"Daktari, wanasema wananitoa damu, wanaizungusha kwenye mashine, halafu wananirudishia. Damu yangu mwenyewe ndiyo inaniponya. Ni kweli?"

Nikamuuliza wanairudishia wapi. Akagusa ngozi ya tumbo, juu kidogo ya kitovu.

Sindano ya hapo haifiki kwenye kidonda. Kidonda kiko kwenye utando wa ndani kabisa wa tumbo, na kati yake na ngozi kuna mafuta, misuli na unene wote wa ukuta wa tumbo lenyewe. Hilo nilimwambia palepale. Swali lake lakini lilistahili jibu refu zaidi, na kwa kuwa naulizwa mara kwa mara, naliandika hapa.

PRP (kifupi cha Kiingereza cha platelet-rich plasma) ni plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, yenye chembe sahani nyingi kuliko kawaida. Mtu mzima mwenye afya ana chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Damu ikizungushwa kwa kasi, chembe nyekundu huzama chini na plazima hubaki juu. Mtaalamu huchota ile sehemu iliyobeba chembe sahani, mara nyingi ikiwa na wingi mara tatu hadi tano ya damu ya kawaida. Tunazijua chembe hizi kwa kazi ya kugandisha damu, lakini ndani yake zimebeba pia protini zinazoamuru seli zigawanyike na mishipa midogo ya damu iote. Ndiyo maana madaktari wa mifupa wanazichoma kwenye magoti na kano.

Je, zina kazi yoyote kwenye kidonda cha tumbo? Zina, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Mwaka 2001 kundi la John Wallace, katika Chuo Kikuu cha Calgary huko Kanada, lilichapisha utafiti uliobadilisha namna ninavyokitazama kidonda. Waliwatia panya vidonda vya tumbo kwa asidi ya asetiki, kisha wakawapa baadhi aspirini na wengine tiklopidini, dawa ya ukoo mmoja na klopidogreli tunayowapa wagonjwa wa moyo. Dawa zote mbili zilizuia chembe sahani kushikamana. Lakini ni tiklopidini peke yake iliyochelewesha kidonda kupona. Panya walioondolewa chembe sahani nao vidonda vyao vilichelewa vilevile.

Kwa nini moja na si nyingine? Kwa sababu chembe sahani hubeba mizigo miwili inayopingana: VEGF, inayootesha mishipa mipya ya damu, na endostatini, inayoizuia. Panya akipata kidonda, VEGF hupanda katika damu yake na endostatini hushuka. Tiklopidini iligeuza mizani hiyo. Miaka mitano baadaye kundi hilohilo liliwapa panya chembe sahani kwa mdomo, na vidonda vikapona haraka zaidi, kwa sababu ya VEGF hiyohiyo.

Kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kuuliza. Damu yake inamponya, na ilikuwa inafanya hivyo hata kabla kliniki haijamwandikia karatasi.

Kutoka kwa panya hadi kwake, hata hivyo, kuna safari. Tumbo ni mahali pabaya pa kuweka protini: asidi ni kali, na pepsini kazi yake ni kumeng'enya protini. Chembe sahani zenyewe hushindwa kushikamana pH, kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyoshuka asidi huwa kali zaidi, ikishuka chini ya 6, na ya tumbo lenye njaa huwa 1 hadi 2. Anayetaka kujaribu PRP humo lazima kwanza azime asidi kwa dawa, kisha aifikishe kwa mpira wa kumulikia tumbo, aichome kwenye kingo za kidonda au akifunike kwa jeli yake. Watafiti wa Hispania wamejaribu kufunika hivyo kwa panya na nguruwe, mahali palipokatwa utando kwa endoskopi, yaani mpira huohuo wa kumulikia. Ni kazi nzuri na ninaifuatilia kwa matumaini. Tiba ya kumuuzia mgonjwa wangu leo bado si hiyo.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi zaidi. Kidonda cha tumbo kinaweza kuwa saratani, na kwa macho tu hata daktari mzoefu hudanganyika. Ndiyo maana tunakata vinyama vidogo kwenye kingo na kuvipeleka maabara. Sasa fikiria mtu anamwagia vichochezi vya ukuaji, yaani zile protini za chembe sahani, kwenye kidonda ambacho hakijapimwa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo la saratani kwenye bekaplemini, jeli ya kupaka vidonda vya ngozi, yenye kichochezi kimoja tu kati ya vile vilivyomo katika chembe sahani. Onyo hilo liliondolewa mwaka 2018, data zilipoongezeka, na nilifurahi. Lakini kwangu kipimo kinabaki cha kwanza.

Mama huyu hakuwahi kumulikwa. Tulipommulika tukaona kidonda kimoja karibu na mlango wa kutokea tumboni, vinyama vikarudi bila saratani, na H. pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo, wakaonekana. Pamoja na hao, kila siku alikuwa anameza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoumiza tumbo, kwa ajili ya magoti, nyingine akinunua dukani bila cheti. Maadui hao wawili walikuwa wanakifukua kidonda kwa kasi kuliko chembe zake sahani zilivyoweza kukifukia. Nimemwanzishia antibiotiki za siku 14 pamoja na dawa ya kuzima asidi, diklofenaki ameacha, na baada ya wiki nane atarudi nimmulike tena. Bakteria tutawapima upya angalau wiki nne baada ya antibiotiki kwisha, akiwa amesimamisha dawa ya asidi wiki mbili, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuwaficha.

Alipokuwa anakunja karatasi yake akauliza, "Na magoti je, Daktari? Jirani yangu alichomwa hiyo PRP gotini, ndiko nilikoisikia."

Nikamwandikia rufaa kwa daktari wa mifupa. Matokeo ya tafiti za goti yanatofautiana, lakini huko angalau sindano inafika mahali penye ugonjwa, na kama magoti yatatulia kwa njia yoyote isiyo diklofenaki, tumbo lake litakuwa limesaidiwa pia.