Homa ya Bonde la Ufa hufuata mvua kubwa

Katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo, nikiulizwa mabadiliko ya tabianchi yanaigusaje afya ya binadamu, huanza na homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1931, baada ya wana-kondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, na tangu hapo milipuko yake mikubwa Afrika Mashariki imekuwa ikifuata mvua zisizo za kawaida.

Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabonde yanayotuamisha maji, na mayai hayo, mengine yakiwa tayari na virusi, huweza kukaa makavu kwa miaka kadhaa bila kufa. Mafuriko yanapodumu, mayai huanguliwa kwa wingi, mbu huwauma ng'ombe, kondoo na mbuzi, kisha mbu wa aina nyingine wanaozaliana katika maji yaliyotuama huusambaza ugonjwa. Dalili ya kwanza zizini ni mifugo mingi kutupa mimba kwa wakati mmoja. Binadamu huambukizwa hasa anapochinja, anapochuna au anapomzalisha mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Wengi hupata homa ya siku chache na kupona, lakini wachache huharibika ini, hutokwa na damu na kufa, na wengine hubaki na kasoro ya macho ya kudumu.

Mvua hizo hutokana na nini? Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yanapopata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua za vuli huzidi kipimo, hasa hali hiyo inapokutana na El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na 2006. Tafiti zinaashiria kuwa hali kali za namna hiyo zitatokea mara nyingi zaidi kadiri dunia inavyoendelea kupata joto, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Mwaka 2006 vipimo vya satelaiti vilionyesha maeneo ya hatari wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kugunduliwa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Hata hivyo, mlipuko ulienea Kenya, Somalia na Tanzania, na katika Tanzania pekee watu zaidi ya 100 walifariki. Wiki chache hazitoshi kununua chanjo na kuifikisha malishoni. Tena, mlipuko ukishaanza, kuchanja huwa hatari, kwa kuwa sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi huweza kuhamisha virusi kutoka kwa mnyama mgonjwa kwenda kwa mzima. Kwa maoni yangu, fedha za chanjo zinapaswa kutolewa pale utabiri wa mvua unapotangazwa, bila kusubiri mgonjwa wa kwanza hospitalini.

Katika mlipuko huo wa 2006, wafugaji wa Kisomali wa eneo hilo la Kenya waliona mapema wingi wa mbu na mifugo iliyotupa mimba. Taarifa kama hiyo inastahili kumfikia daktari wa mifugo wa wilaya na mganga mkuu siku ileile inapotolewa, na mfugaji anayeitoa ahakikishiwe fidia endapo soko lake la mifugo litafungwa, kwani bila hivyo ana kila sababu ya kunyamaza.