Mkunga si nyoka, na si kila samaki mrefu ni mkunga

Kwenye mnada wa samaki pale Deep Sea, Tanga, mkunga hugombewa kwa maneno kabla ya kugombewa kwa bei. Huyu anasema ni nyoka, yule anasema ni kambare wa baharini, na wa pembeni anaapa kuwa mwenye madoa na asiye na madoa ni mume na mke. Ubishi huo unastahili majibu, maana jina likikosewa mwaloni linaingia hivyohivyo kwenye daftari la mavuvi, na mwishowe tunadhani tuna samaki wa aina moja kumbe ni wanne.

“Mkunga ni nyoka wa baharini”

Hii imeenea kuliko zote, na imewanyima wengi kitoweo. Mkunga ni samaki: anapumua kwa matamvua na ana pezi refu mgongoni. Nyoka wa baharini ana mapafu, hivyo lazima aibuke avute hewa; ana magamba ya nyoka na mkia bapa kama kafi. Tena pwani yetu ya Afrika Mashariki ina nyoka wa baharini mmoja tu, Hydrophis platurus, mweusi mgongoni na wa njano tumboni. Huyo ana sumu kali, asishikwe. Yule mweupe mwenye pingili nyeusi anayeonekana kwenye mchanga na majani ya bahari, ambaye watu humuua kwa hofu, ni mkunga aitwaye Myrichthys colubrinus. Hana sumu ya kuuma. Mtazame mkiani: hana pezi pale, ana ncha ngumu iliyochongoka, anayoitumia kujifukia mchangani kinyumenyume.

Mikunga wa miambani, wa familia ya Muraenidae, ndio wanaofanana zaidi na nyoka. Hawana mapezi ya kifuani wala magamba, na tundu la matamvua ni dogo la mviringo. Ndiyo sababu wanafungua na kufumba kinywa muda wote: wanasukuma maji yapite kwenye matamvua. Wengi hudhani wanatishia. Mwaka 2007 watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright walionyesha kuwa samaki hawa wana taya za pili kooni, ambazo husogea mbele, hukamata windo na kulivuta ndani. Nyoka hana kitu hicho.

“Kila samaki mrefu mwenye utelezi ni mkunga”

Mwili mrefu umejitokeza mara nyingi katika koo za samaki zisizohusiana. Mikunga wa kweli wako kwenye oda ya Anguilliformes. Hawana yale mapezi mawili ya tumboni, na kwa wengi wao pezi la mgongoni, la mkiani na la nyuma ya tundu la haja yameungana kuwa utepe mmoja. Kambare ana ndevu na mapezi ya tumboni, basi hayumo. Kambare mamba ana mapafu na mapezi yaliyo membamba mithili ya nyuzi. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa jamii yake iko karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, sisi tukiwemo, kuliko silikanti, samaki wa ukoo wa kale anayeishi kwenye kina kirefu. Hata yule “mkunga wa umeme” wa Amerika Kusini ni ndugu wa kambare. Alidhaniwa spishi moja kwa zaidi ya miaka 200, hadi mwaka 2019 DNA pamoja na maumbile vilipomgawa kuwa spishi tatu.

“Rangi inatosha”

Haitoshi. Rhinomuraena quaesita huwa mweusi akiwa mchanga, wa buluu akiwa dume, kisha wa njano akigeuka jike. Rangi hizo ziliwahi kuandikwa kama spishi tofauti.

Kwa mikunga wa mtoni, jenasi ya Anguilla, upande huu wa Bahari ya Hindi una spishi nne. Marmorata na bengalensis wana madoa. Mossambica na bicolor hawana. Rangi inakufikisha hapo tu, na hata hapo inaweza kukupotosha, kwa sababu mkunga anayejiandaa kurudi baharini kuzaa hubadilika kuwa wa fedha na macho yake kukua. Chukua rula. Kwa bicolor, pezi la mgongoni huanzia karibu juu ya tundu la haja. Kwa wengine huanzia mbele zaidi. Umbali kati ya alama hizo mbili ukilinganishwa na urefu wa mwili, pamoja na mpangilio wa meno ya kaakaani, husaidia sana kuwatenganisha.

“Mtoto wake angefanana naye”

Lava wa mkunga, yaani mtoto aliyetoka kwenye yai, ni bapa na mwangavu, kichwa kidogo mno. Mwaka 1856 mtaalamu wa wanyama Kaup alimwandika kama samaki wa pekee, Leptocephalus brevirostris. Mwaka 1896 watafiti Grassi na Calandruccio wakatoa taarifa ya kumwona akigeuka kuwa mkunga wa Ulaya. Umbo zima linabadilika, lakini hesabu ya vipande vya misuli ya lava hulingana na hesabu ya pingili za uti wa mgongo wa mkubwa. Kuhesabu kwa subira kuliunganisha mtoto na mzazi miongo mingi kabla ya maabara ya DNA.

“DNA inamaliza ubishi”

Kipimo kinachotumika sana husoma herufi za DNA kama 650 za jeni moja iitwayo COI, njia iliyopendekezwa na Paul Hebert na wenzake mwaka 2003. Kinafaa mno pale ambapo mwili haupo: minofu, samaki wa kukausha, lava. Lakini jeni hiyo hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo chotara atasomeka kama spishi ya mama. Na machotara wa mkunga wa Ulaya na wa Marekani wapo, wamepatikana Iceland. Tena jibu hulinganishwa na maktaba ya sampuli. Aliyempa samaki wa kwanza jina lisilo lake amewapotosha wote watakaofuata.

Silikanti wa hapa Tanga ni ushahidi mzuri. Kwa macho, wa Indonesia anakaribiana sana na wetu, lakini vinasaba vilisaidia kumtambua kuwa spishi ya pili, iliyopewa jina mwaka 1999. Mwaka 2011 watafiti wakaonyesha kuwa silikanti wa kaskazini mwa pwani ya Tanzania ni kundi lililojitenga na wenzao kwa angalau miaka 200,000, ilhali bado ni spishi ileile ya Comoro.

Ukipata mkunga asiyejulikana, mpige picha ya ubavu akiwa na rula, kisha kata kipande kidogo cha pezi ukihifadhi kwenye spiriti kali, ndipo mwili utiwe fomalini. Usianze na fomalini: inatunza umbo, lakini inaiharibu DNA.