Mshipa ni nini hasa? Wa damu, wa fahamu au kano?

Hili neno mshipa tunalitumia kwa vitu vingi mno, yani mtu akikwambia "mshipa umenishika" bado hujajua anaumwa nini. Inaweza kuwa mshipa wa damu, inaweza kuwa neva, ile vitabu vya shule vinaita mshipa wa fahamu, inaweza kuwa kano, na wazee wengine wakisema fulani ana mshipa wanamaanisha ngiri au busha kabisa. Neno moja, na matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Tuanze na mkono wako mwenyewe. Geuza kiganja kiangalie juu, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba. Kinachodunda hapo ni ateri, inaleta damu kutoka moyoni. Ile mishipa ya kijani iliyojichora nyuma ya kiganja ni vena, inarudisha damu na haidundi. Hayo ni mabomba, basi.

Sasa gusanisha gumba na kidole cha mwisho alafu kunja kifundo kidogo. Kuna kamba itasimama katikati (wengine hawana, msishtuke, wamezaliwa hivyo na mkono unafanya kazi kama kawaida). Hiyo ni kano. Kano inaunganisha msuli na mfupa na kazi yake ni kuvuta tu. Na hapa kuna kitu wengi hatukufundishwa, ile misuli inayokunja vidole kwa nguvu haiko kwenye vidole, iko huku juu kati ya kifundo na kiwiko, shika hapo kwa mkono wa pili uchezeshe vidole utaisikia inatembea chini ya ngozi, na kano ndo zinavuta vidole kwa mbali kama kamba inavyovuta ndoo kisimani. Usiichanganye na ligamenti, hiyo inashika mfupa kwa mfupa, ndo inayochanika ukiteguka mguu.

Neva ni habari nyingine. Ushawahi kugonga kiwiko kwenye ukingo wa meza ukasikia kama shoti ya umeme mpaka kidole cha mwisho? Hapo hujaumia mfupa, umegonga neva ya ulna, inapita nyuma ya kiwiko upande wa ndani na sehemu hiyo haina nyama ya kuikinga. Neva inapeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo na kurudisha habari, kwahiyo ikibanwa malalamiko yake hayafanani na ya msuli uliochoka. Inachoma kama sindano, inawaka, inakufa ganzi, na ikikaa hivyo muda mrefu nguvu zinaisha. Hata kupona kwake ni taratibu sana, neva iliyokatika ikashonwa inaota kama milimita 1 tu kwa siku.

Alafu ganzi ina ramani yake. Kidole cha mwisho na nusu ya cha pete ni neva ya ulna. Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ile nyingine ya cha pete ni neva ya mediani, na hii ndo inasumbua watu wengi maana pale kwenye kifundo inapita kwenye kinjia chembamba, chini kuna mifupa midogo ya kifundo, juu kuna ligamenti nene, na humo ndani imebanana na kano 9. Kano zikivimba kidogo tu, neva haina pa kwenda.

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani. Alikuwa anaamka usiku mkono wa kulia umekufa ganzi, anaukung'uta kama anayekausha maji ndo alale tena. Wote tukamwambia ni mshipa umekaa vibaya, akakandwa na mafuta ya moto karibu mwaka mzima, na mimi mwenyewe nilimkanda. Siku amefika kwa daktari aliulizwa swali moja, ni vidole gani hasa? Akaonyesha gumba, shahada na cha kati, cha mwisho kizima. Daktari akamwambia akunje vifundo vyote viwili, migongo ya viganja igusane, akae hivyo dakika moja, na kabla haijaisha ganzi ikaja.

Alipewa kifaa cha kunyoosha kifundo avae akilala, baadae akafanyiwa upasuaji mdogo, ile ligamenti ikakatwa neva ipate nafasi. Usiku analala sasa. Ila ule msuli wa chini ya gumba ulikuwa umeshabonyea kwa kukosa neva muda wote ule, haujajaa tena, na mpaka leo chupa ya maji ananipa mimi nimfungulie.