Kabla ya kuilaumu kompyuta, angalia tundu ulilochomeka

Mtumishi wa idara ya mafunzo alifika kwenye kitengo chetu cha TEHAMA na laptop mkononi, barua ya kuomba nyingine ameshaiandika. Kuhamisha gigabaiti 60 za video kutoka kwenye diski ya nje kulikuwa kunamchukua karibu nusu saa. Tukaikagua laptop, haikuwa na ubaya wowote. Diski alikuwa akiichomeka kwenye poti ya kushoto, yenye ulimi mweusi. Tukaihamishia ya kulia, yenye ulimi wa bluu, na kazi ileile ikaisha kwa dakika kumi hivi.

Poti hizo mbili zina umbo moja, na hapo ndipo wengi tunaponasa. Ile nyeusi ni USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000, na mwisho wa kasi yake ni megabiti 480 kwa sekunde. Ya bluu ni USB 3.0 ya mwaka 2008, inayofika megabiti 5,000. Chungulia ndani kwa tochi ya simu: ya zamani ina pini nne, mbili za umeme na mbili za data, ya bluu ina hizo nne na nyingine tano. Rangi yenyewe si sheria, watengenezaji wengine hawaifuati, kwa hiyo tafuta pia herufi SS pembeni mwa tundu.

Mbona basi kasi haikupanda mara kumi? Kwa sababu data inapita poti, waya na kifaa, na mwendo wake ni wa yule aliye mzito kuliko wenzake. Diski ile ni ya sahani zinazozunguka. Poti iwe pana namna gani, haiwezi kupitisha kile ambacho diski bado haijakisoma.

Kinachoniuma zaidi ni waya, maana watu wanapoteza pesa kwa kosa la waya wa bei ya soda mbili tatu. Chukua USB-C, kile kichwa kidogo kinachoingia upande wowote. Nyaya nyingi zinazokuja na simu zina kichwa hicho, lakini ndani zimebeba data kwa kasi ya USB 2.0 tu. Nyingine za bei ya chini hazina njia ya data kabisa: simu inachaji vizuri, kompyuta haiioni. Mtu anakimbilia kwa fundi, simu inafunguliwa, na shida haikuwa humo. Jaribu kwanza waya mwingine.

Waya wa mtandao wa ofisini nao una nyuzi nane ndani, zimesokotwa mbili mbili. Megabiti 1,000 zinazihitaji zote nane; megabiti 100 zinatosheka na nne. Mguu wa meza ukikandamiza waya hadi uzi mmoja ukatike, mtandao unaweza usizimike. Unashuka kimyakimya hadi 100, na mwenye kompyuta anaishi hivyo mwaka mzima akidhani ndivyo ulivyo.

Jambo jingine linalozua ugomvi usio na sababu: mtoa huduma wa intaneti anauza kwa megabiti, wakati kompyuta unapopakua faili mara nyingi inahesabu kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 20 kikikuonyesha megabaiti 2.5 kwa sekunde, umepata ulicholipia.

Na kwa kuwa tundu lilelile la USB hutoa umeme na kupitisha data, ukiwa kituo cha basi au hotelini tumia chaja yako kwenye soketi ya ukutani, usichomeke simu kwenye tundu la USB usilolijua. Simu ikiuliza kama iruhusu kifaa hicho kusoma mafaili yako, kataa. Itaendelea kuchaji.